Ufunguo wa Redio Ushikwe na Nani?



Katika gazeti letu hili dogo tumezoea kuandika juu ya mishahara, saa za kazi, nyumba na pensheni. Mara hii twaandika juu ya redio na runinga, na twajua baadhi yenu mtauliza: Je, Chama kimeacha kazi yake? Hapana, hakikuiacha. Hii nayo ni kazi yake.

Mgomo ukianza, mwanachama aliye Othaya au Chuka hujua kwa redio kama wenzake wa Nairobi wangali wamesimama au wamerudi kazini. Kodi mpya ikipelekwa Bungeni, twaisikia kwa redio kabla haijakatwa katika mshahara. Bonasi ya majani chai ikitangazwa, nyumba nzima hunyamaza ili redio isikike. Mama aliyemtuma kijana wake mjini akasikia kwamba kuna fujo, hukimbilia runinga ya jirani. Basi mtu anayeweza kuzima redio na runinga kwa barua moja, huyo ameshika jambo kubwa katika maisha ya mfanya kazi. Ni haki yetu kuuliza mtu huyo ni nani, aliwekwa na nani, na anamwogopa nani.

YALIYOTOKEA

Jumatano, tarehe 25 Juni 2025, vijana waliingia barabarani Nairobi na katika miji mingi ya nchi kuwakumbuka wale waliouawa mwaka mmoja kabla yake, katika maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha wa 2024. Siku hiyo Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya alitoa barua kwa vituo vyote vya redio na runinga: Acheni kutangaza maandamano moja kwa moja, asiyetii atachukuliwa hatua za sheria. Haukupita muda mrefu, NTV na KTN zikazimwa kwenye mitambo, na K24 ikafuata. Hapakuwa na hakimu aliyesikiza shauri kwanza. Hapakuwa na kituo kilichoitwa kijitetee. Baraza la Vyombo vya Habari, ambalo ndilo lenye kazi ya kutazama mwenendo wa waandishi, liliikataa barua hiyo. Chama cha Mawakili kikakimbilia Mahakama Kuu, na siku hiyo hiyo Jaji Chacha Mwita akaisimamisha barua na kuamuru mitambo iwashwe.

Huo haukuwa mwanzo. Tarehe 30 Januari 2018, siku ile Bwana Raila Odinga alipokula kiapo chake katika Uhuru Park, Citizen, NTV, KTN na Inooro TV zilizimwa. Wasomaji wetu wanaijua Inooro: ni runinga ya Kikuyu. Mzee wa Mukurwe-ini asiyejua Kiingereza alibaki na kioo cheusi, bila kuambiwa yeye alikosa nini. Bwana Fred Matiang'i, aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, alisema vituo vitabaki vimefungwa mpaka uchunguzi uishe. Tarehe 1 Februari Jaji Mwita, huyo huyo, aliamuru viwashwe. Amri ya mahakama haikutiiwa. NTV na KTN zilianza kurudi tarehe 5, Citizen na Inooro tarehe 8.

Na kabla ya hapo, tarehe 30 Desemba 2007, nchi ilipoanza kuwaka kwa sababu ya kura, Serikali ilipiga marufuku matangazo yote ya moja kwa moja. Watu walikaa majuma kadhaa wakipokea habari kwa simu za mkono na kwa uvumi. Uvumi ule ulifanya ubaya kuliko redio.

Sasa, Ndugu, hesabuni Serikali hizo. Mwaka 2007 Rais alikuwa Bwana Mwai Kibaki, mtu wa Othaya hapa hapa Nyeri. Mwaka 2018 Rais alikuwa Bwana Uhuru Kenyatta, ambaye sehemu hizi za Mlima zilimpa kura nyingi sana. Mwaka 2025 Rais alikuwa Bwana William Ruto, ambaye naye alipata kura nyingi huku mwaka 2022. Marais watatu, na swichi ni ile ile. Wapo waliocheka mwaka 2018 wakisema, waache wazimwe, hao ni wa upande ule. Miaka 7 baadaye watu hao hao walilia kwamba wamezimiwa. Sisi twasema hivi: Swichi haina kabila wala chama. Ikiachwa mikononi mwa mwenye mamlaka, ataitumia, awe wa kwetu au wa kwao.

MAJI YA MFEREJI

Labda mtu atasema: Basi waondoeni wote, kila mtu atangaze apendavyo. Haiwezekani, na tueleze kwa nini.

Masafa ya redio na runinga ni kama maji ya mto. Hayakutengenezwa na mtu yeyote, ni mali ya umma, tena yana kipimo. Vituo viwili vikitangaza kwa masafa mamoja mahali pamoja, hakuna kinachosikika. Ndugu zetu wa Kieni na wa Nanyuki wanalijua jambo hili bila kufundishwa. Kiangazi kikifika, mto ukipungua, lazima awepo mtu wa kugawa maji: shamba hili leo, shamba lile kesho, shamba kubwa la maua lipate kiasi chake, na mwenye robo eka chini kule naye apate. Bila mgawaji, mwenye bomba kubwa hunywa yote. Basi mgawaji ni lazima awepo.

Lakini mgawaji huyo atoke wapi? Akiwa karani wa shamba kubwa, mtu wa chini atakauka. Akiwa mtumishi wa chifu, basi kila aliyegombana na chifu atafungiwa mfereji. Wala haifai kusema kwamba mgawaji ni mtu mwema. Twataka mgawaji ambaye hata akiwa mbaya hawezi kumfungia mtu maji kwa sababu ya maneno aliyosema barazani. Kesi ya nyani haipelekwi kwa ngedere, hata kama ngedere huyo ana cheti cha shule.

SHERIA YASEMA NINI

Jambo la ajabu ni kwamba Wakenya tulikwisha kukubaliana juu ya neno hili. Katiba tuliyoipigia kura mwaka 2010, ikatangazwa tarehe 27 Agosti mwaka huo, ina Kifungu cha 34. Kifungu hicho chasema kwamba kila mtu ana uhuru wa kuanzisha utangazaji, ila apate leseni. Na leseni zenyewe zitolewe kwa utaratibu usiotawaliwa na Serikali, wala na siasa, wala na biashara. Chasema pia kwamba redio na runinga za Serikali zipange habari zao zenyewe bila upendeleo, na kuwapa nafasi wenye maoni tofauti. Tena chaliagiza Bunge lifanye chombo cha kutazama mwenendo wa habari, chombo kisichotawaliwa na Serikali, wala siasa, wala biashara, na chenye kuwakilisha watu wa kila namna.

Someni tena maneno hayo matatu: Serikali, siasa, biashara. Waandishi wa Katiba hawakusema Serikali peke yake. Walijua kwamba yupo chui mlangoni na yupo mwingine nyuma ya nyumba.

Sheria zilizofuata zilifanya nini? Tume ya Mawasiliano, iliyoanza kazi mwaka 1999 kwa sheria ya 1998, ilibadilishwa jina ikawa Mamlaka ya Mawasiliano, kwa sheria iliyotiwa sahihi mwishoni mwa 2013. Sheria hiyo yasema kwa herufi wazi kwamba Mamlaka ni huru. Lakini tazama ni nani hukaa katika halmashauri yake. Mwenyekiti huteuliwa na Rais. Wajumbe huteuliwa na Waziri. Pamoja nao hukaa Makatibu wa Wizara: wa mawasiliano, wa Hazina, na wa Usalama wa Ndani. Wizara inayotuma polisi kwenye maandamano ina kiti katika meza inayoamua kama maandamano hayo yataonekana.

Aliyetia sahihi barua ya Juni 2025, Bwana David Mugonyi, alikuwa zamani mkuu wa mawasiliano katika ofisi ya Bwana Ruto alipokuwa Naibu wa Rais. Hatumtukani wala hatusemi kwamba hajui kazi. Twasema tu kwamba Chama cha mpira hakiwezi kumchukua msemaji wa timu moja, kumpa filimbi, halafu kuwaambia wachezaji wa timu ya pili: Msiwe na wasiwasi, sheria yasema yeye ni huru.

Tena pesa za Mamlaka hutoka kwetu. Makampuni ya simu na utangazaji hulipa ada za leseni, na kuna mfuko wa kupeleka mawasiliano mashambani ambao makampuni huchangia nusu ya asilimia moja ya mapato yao. Makampuni hayo huipata wapi? Katika salio unalonunua kibandani. Kwa hiyo mfanya kazi hulipa, lakini hana kiti.

WATU WA NYERI NA JAMBO HILI

Vyama vya wafanya kazi vyajua maana ya kuandikishwa na mtu asiye huru. Tarehe 1 Mei 1949 ndugu zetu walianzisha umoja wa vyama vya Afrika ya Mashariki, Fred Kubai akiwa rais na Makhan Singh katibu mkuu. Serikali ya mkoloni ilikataa kuuandikisha. Msajili alikuwa mtumishi wa Gavana, na Gavana alikuwa rafiki wa waajiri. Basi karatasi ya maombi ilipofika mezani, jibu lilikuwa limekwisha kuandikwa. Mwezi wa Mei 1950 wote wawili walikamatwa, na wafanya kazi wa Nairobi wakagoma. Kesi ya Makhan Singh ililetwa isikizwe hapa Nyeri, mbali na umati wa Nairobi. Alizuiliwa zaidi ya miaka 11, mpaka Oktoba 1961.

Leo Msajili wa vyama akikataa chama, sheria ya 2007 yaturuhusu kwenda mahakamani kumpinga. Uhuru huo mdogo haukuanguka kutoka mbinguni. Ulidaiwa na watu.

Na mambo ya habari vile vile. Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, magazeti ya Kikuyu yalipigwa marufuku, Mumenyereri la Henry Muoria likiwa mojawapo. Gakaara wa Wanjau, mwandishi na mchapaji wa Karatina, alikamatwa mwezi huo huo kwa sababu ya maandishi yake, akakaa kizuizini miaka mingi. Lakini mkoloni hakuchukia utangazaji. Aliupenda, ilimradi uwe wake. Nyeri ilipata kituo chake cha kutangazia watu wa Mlima, kama Mombasa ilivyokuwa na Sauti ya Mvita. Magazeti ya watu yalikufa, na sauti ya Serikali ikazidi kukua.

Uhuru ulipokuja, ufunguo haukutupwa. Ulihamishwa mfuko. Mwaka 1964 shirika la utangazaji lilifanywa idara ya Wizara likaitwa Sauti ya Kenya, na kwa miaka zaidi ya 25 nchi nzima ikasikia sauti moja. Matokeo yake tuliyaona tarehe 1 Agosti 1982. Askari wa jeshi la anga walipotaka kuipindua Serikali walikimbilia nyumba ya Sauti ya Kenya, na mtangazaji Leonard Mambo Mbotela akaamriwa kwa bunduki atangaze kwamba Serikali imeanguka. Mambo yote yakiwekwa nyuma ya mlango mmoja, mwenye kuushika mlango huo kwa saa chache huishika nchi.

Redio za watu binafsi zilipofunguliwa, na Kameme ikaanza mwaka 2000 kutangaza kwa Kikuyu, Rais Moi alitaka sheria ya kuvilazimisha vituo vitangaze kwa Kiswahili na Kiingereza. Hakufaulu. Leo mkulima wa Kirinyaga asikiliza Kikuyu, wa Meru asikiliza Muuga kwa Kimeru, wa Embu asikiliza Wimwaro kwa lugha yake, na sote twasikiliza Kiswahili. Hii ni mali kubwa kwa mtu ambaye shule ilimwacha njiani. Lakini kila kituo kati ya hivyo kinaishi kwa leseni, na leseni ina tarehe ya kwisha.

WANAOTUPINGA WASEMA HIVI

Tusijidanganye. Wanaotaka Serikali ishike swichi wana hoja, nayo ni ya kweli kwa nusu. Wasema: Mlikuwa wapi mwaka 2008? Hamkusikia maneno yaliyotoka katika redio za lugha zetu? Ndiyo, tulisikia. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza mauaji yale, ilizitaja redio za lugha za asili katika lawama zake. Watu waliuawa Naivasha, Nakuru na Eldoret, na miongoni mwao walikuwa wafanya kazi wa mashamba ya maua na ya chai, wanachama kama sisi. Anayewaambia watu wachukue panga hastahili kipaza sauti.

Lakini kwa dawa hiyo tazameni ni nani aliyetibiwa. Mwaka 2018 na mwaka 2025 vituo havikuzimwa kwa sababu mtangazaji fulani alisema neno fulani la chuki saa fulani. Vilizimwa kwa sababu vilionyesha watu wakiwa barabarani. Mchochezi ana sheria yake: ashitakiwe, asikizwe, akishindwa afungwe. Mwaka 2008 Bunge lilitunga sheria maalumu ya mshikamano wa taifa, yenye adhabu kwa maneno ya chuki. Kumnyamazisha mwizi mmoja hakuhitaji kuvunja nyumba ya kijiji kizima.

Tena kuna wanaosema: Vituo hivi ni vya matajiri, kwa nini Chama cha wafanya kazi kiwalilie? Hatuwalilii. Wenye vituo si malaika. Wengine ni wanasiasa au jamaa zao, wengine ni watu wa biashara kubwa. Twawajua waandishi wa mikoani wanaolipwa kwa habari moja moja, bila bima wala likizo, na wanaobeba kamera zao wenyewe mvuani. Twajua vituo vinavyonyamaza mgomo ukiwa katika kampuni inayowapa matangazo ya biashara. Ndiyo maana Katiba ilisema pia biashara. Hatutaki kuutoa ufunguo katika mfuko wa Waziri ili tuutie katika mfuko wa mwenye kampuni.

Na mifuko hiyo miwili husaidiana. Machi 2024 Katibu wa Wizara anayehusika na utangazaji aliandika barua kwamba matangazo yote ya Serikali ya redio na runinga yapelekwe KBC peke yake. Kituo kilichozoea kula kwa Serikali, kikinyimwa, huanza kufikiri mara mbili kabla ya kutangaza habari ya mgomo wa madaktari. Na kikipungukiwa, wa kwanza kutolewa kazini si mwenye kituo. Ni fundi, dereva, karani na mwandishi.

Hata kazi halali ya Mamlaka huharibika watu wasipoiamini. Februari 2015 mitambo ya zamani ya runinga ilizimwa ili nchi iingie katika utangazaji wa dijitali. Jambo lenyewe lilikuwa la lazima, mataifa mengi yalilifanya. Lakini kulikuwa na ugomvi wa leseni kati ya Mamlaka na makampuni makubwa ya habari, na kesi ilipanda mpaka Mahakama ya Juu. Citizen, NTV, KTN na QTV zilikaa karibu majuma matatu bila kuonekana. Wengine walisema Serikali yalipiza kisasi. Wengine walisema matajiri wanalinda faida yao. Mtu wa kawaida hakujua amwamini nani, akatoa pesa akanunua king'amuzi. Mwamuzi asiyeaminiwa, hata akipuliza filimbi kwa haki, uwanja hugeuka vita.

WENZETU WAMEFANYAJE

Tazameni jirani. Uganda, Septemba 2009, redio CBS ya Buganda ilifungwa wakati wa fujo za Kampala, ikakaa kimya zaidi ya mwaka mmoja. Wafanya kazi wake walikula nini mwaka huo? Mwaka 2019 Tume ya Mawasiliano ya Uganda iliamuru vituo 13 viwasimamishe kazi wakuu wa habari na watayarishaji wa vipindi, baada ya kutangaza habari za Bobi Wine. Hapo mdhibiti hakugusa masafa tu. Alijifanya mwajiri, akamwondoa mtu kazini bila onyo wala kikao cha nidhamu. Jambo kama hilo likikubaliwa katika redio, litaingia kiwandani.

Sasa tazameni Afrika ya Kusini. Walipotoka katika ubaguzi, walikumbuka jinsi redio ilivyotumika kuwadharau. Wakaandika katika Katiba yao ya 1996, kifungu cha 192, kwamba lazima kuwe na mamlaka huru ya kusimamia utangazaji kwa faida ya umma. Wajumbe wake hupendekezwa na wananchi na kuhojiwa mbele ya kamati ya Bunge, watu wakitazama. Hatusemi kwamba kule hakuna matatizo. Yapo, na wanasiasa wangali wanasukuma mlango. Lakini ni lazima wausukume mchana, mbele ya watu.

TWATAKA NINI

Chama chetu chasema wazi mambo haya sita:

1. Kituo cha redio au runinga kisizimwe na mtu yeyote bila amri ya mahakama, iliyotolewa baada ya kituo kusikizwa.

2. Makatibu wa Wizara watoke katika halmashauri ya Mamlaka ya Mawasiliano, na wa kwanza kutoka awe wa Usalama wa Ndani. Serikali ikiwa na neno, ilete kwa barua kama watu wengine.

3. Wajumbe wachaguliwe kwa mahojiano ya wazi mbele ya Bunge, wapewe muda maalumu, na wasiweze kuondolewa ila kwa kosa lililothibitishwa. Wafanya kazi na wasikilizaji wawe na viti.

4. Mwenye kituo, mwenye hisa, na aliyekuwa msemaji wa mwanasiasa juzi juzi, wasikae mezani hapo.

5. Mamlaka ishughulike na masafa na mitambo. Mwenendo wa habari uachiwe Baraza la Vyombo vya Habari na mahakama.

6. Ofisa atakayedharau amri ya mahakama kama ilivyofanywa mwaka 2018 ashitakiwe yeye mwenyewe. Na wafanya kazi wa kituo kilichozimwa kinyume cha sheria walipwe siku zao zote.

Haya hayatakuja kwa kusoma gazeti hili na kulifungia nyama. Kila tawi, kutoka Murang'a mpaka Meru, kutoka Karatina mpaka Nanyuki, liyajadili katika kikao na kuandika azimio. Azimio lipelekwe kwa Mbunge wa mahali na kwa Seneta, na nakala kwa viongozi wetu wa COTU. Mswada wa utangazaji ukiletwa Bungeni, Katiba yalilazimisha Bunge lisikize maoni ya wananchi. Basi tuwe na karatasi yetu tayari, yenye sahihi nyingi, si ya mtu mmoja. Wanasiasa wakija kuomba kura, msiwaulize tu juu ya barabara na bei ya kahawa. Waulizeni: Ukipata Serikali, utaiacha swichi? Anayejibu kwa kuzunguka zunguka, mmekwisha kumjua.

Wazee wa Gikuyu husema kwamba watu wengi, hata wawe wadogo, huinua kinu. Kinu hiki ni kizito, na kwa miaka mingi kila Serikali imekikalia. Lakini hakikuota mizizi.

Umoja ni Nguvu.